Droni Iliyoenea Kwenye Mkoba

Nimepiga picha za harusi Morogoro kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo mabibi harusi wanaokuja kuniuliza nafasi ambao mama zao pia niliwapiga mimi. Kazi yote hiyo nimeifanya nikiwa chini, kwa miguu yangu. Nimepanda viti, nimepanda meza, na siku moja ukumbini nilipanda ngazi aliyoisahau fundi rangi, mpaka MC akanitangazia kwamba mpiga picha anaombwa ashuke ale kwanza. Kwa hiyo wateja walipoanza kuniuliza, "Mama, droni unayo?" nilikuwa nawajibu kwa mkato. Nilikuwa nasema harusi ni watu, watu ni nyuso, na uso haukai utosini. Jibu hilo lilinipendeza mwenyewe, nikalitumia misimu kadhaa.

Aliyenivua kiburi hicho ni mtoto wa mdogo wangu. Mama yake alipata kibarua mapema kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, na mtoto akaachwa kwa mama yetu, juu milimani Uluguru, kwenye nyumba tuliyozaliwa sisi wote. Huko gari linaishia kwenye kijito cha mwisho. Kuanzia hapo ni miguu na pumzi zako, unapandisha katikati ya migomba na matuta ya maharage mpaka uanze kujuta vitu ulivyokula njiani. Binti huyo alikulia kwenye mgongo wa bibi yake, kisha ubavuni mwake, na alipokua mkubwa yeye ndiye aliyekuwa anambeba bibi maji.

Siku moja alikuja studio kwangu Mafiga akiwa ameshaposwa na kijana wa Tabora. Alikaa kwenye kile kistuli cha picha za pasipoti, akavua viatu, akaniambia lililomleta.

"Mamkubwa, nataka picha moja tu. Nyingine zote piga unavyotaka wewe."

"Ipi hiyo moja?"

"Mimi nipo njiani naondoka, bibi yupo mlangoni. Wote wawili kwenye picha moja."

Nilicheka, kwa sababu njia ile naijua. Ukitoka mlangoni kwa mama unateremka kidogo, halafu njia inakata kwenye bega la kilima, na papo hapo nyumba inamezwa. Aliye mlangoni hamwoni aliye njiani, na aliye njiani hauoni mlango, ingawa mkiitana mnasikiana vizuri. Hakuna mahali pa kusimama ukaviona vyote viwili. Nikamweleza hivyo, kama mtaalamu.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Nitakwenda kuishi Tabora, na nijuavyo mimi nitasahau. Nitamkumbuka bibi peke yake, na njia nitaikumbuka peke yake. Nataka niwe navyo pamoja."

Nikamwambia atapata. Ndivyo nilivyo. Wateja wanaolipa nawakatalia miaka, halafu mtoto mmoja ananivulia viatu studio na mimi nakubali kabla hajamaliza.

Basi nikaanza kutafuta droni. Mume wangu ni fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha sukari, na tangu astaafu kazi yake kubwa ni kuwa na maoni. Alinikuta kila jioni nimeinamia simu, natazama watu wakirusha droni zao juu ya fukwe na juu ya majengo marefu, hakuna hata mmoja aliyerusha juu ya mgomba. "Mchagua jembe si mkulima," akaniambia, akapita zake. Nikamjibu kwamba mkulima asiyechagua ndiye anayerudi nyumbani na mpini.

Mjini kulikuwa na kijana anayeuza vifaa vya kamera, mwenye adabu na subira kupita umri wake. Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ilikuwa rahisi, imejaa vitaa vya rangi kama kitu cha kununuliwa mtoto sikukuu ya Idi. Nikamuuliza upepo ukija inafanyaje. Akafikiri, akasema, "Inaenda nao, mama." Hiyo tukaiweka pembeni. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, ndani ya sanduku kama la cherehani, na hiyo ndiyo aliyotaka niichukue. Ya tatu ilikuwa ndogo ya kijivu. Miguu yake ilikunjwa kama ya panzi, na nilipoijaribu kwenye mkoba wangu wa maulidini na misibani, ambao ndio huo huo wa sokoni, ilienea na nafasi ya mtandio ikabaki.

Nikamwambia sinunui kitu cha kuruka kwa kukitazama mezani. Tukaenda wote watatu, yeye, mimi na mume wangu, kwenye uwanja wa wazi upande wa Mazimbu ambako aliombea ruhusa. Njiani alinifundisha sheria: droni inasajiliwa, inaombewa kibali, na hairushwi karibu na maeneo ya jeshi. "Ukialikwa harusi ya Ngerengere, mama, hii iache nyumbani." Alizungumza taratibu, nami nilimpenda kwa hilo, kwa sababu vijana wengi wakimfundisha mtu wa rika langu huwa wanapaza sauti.

Jaribio langu lilikuwa moja, na yeye hakuwahi kulisikia. Nilitandika khanga nikakaa chini, nikamwambia arushe ile kubwa juu ya kichwa changu kwa kimo ambacho angepigia picha. Mume wangu nikamsimamisha mbali kidogo, mahali wanaposimama wajomba. Kisha nikapiga vigelegele.

Kijana alidhani nimeumia. Mume wangu akainua mikono kuonyesha kwamba hajasikia kitu. Nikarudia kwa nguvu zangu zote, naye akaonyesha masikio yake, akaonyesha droni, akatikisa kichwa. Ile kubwa ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Tukaishusha, tukapandisha ndogo. Safari hii nilipopiga vigelegele, mume wangu naye akajibu, kwa sauti yake nzito ya kiwandani, katikati ya uwanja, na watu waliokuwa wanapita wakasimama kutazama wazee waliochanganyikiwa. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

"Nachukua hii," nikasema.

"Mama, hii ni nyepesi," kijana akasema. "Umesema ni mlimani. Upepo wa kule utaichezea."

"Ile nyingine itanimezea harusi. Bibi harusi anatoka kwa vigelegele. Kukiwa na ngurumo juu, wanawake watanyamaza watazame juu, na hapo hakuna harusi tena, kuna maonyesho."

"Basi irushe asubuhi. Mchana ukungu ukianza kupanda na upepo unakuja nao."

Nikamwahidi asubuhi. Yeye hawajui shangazi zangu.

Wiki zilizofuata nilijifunza kila nilipopata nafasi, na nilifurahi kuliko nilivyotaka mume wangu ajue. Kuna raha ya kitoto kuinua kitu kwa kidole gumba. Niliona paa la studio yangu kwa mara ya kwanza, nikagundua kwamba lina kandambili moja ya mtu na kutu nyingi kuliko nilivyofikiri. Niliuona mlima nao umekaa nyuma ya mji mzima, na nikaelewa kwamba siku zote nilikuwa nauona kwa vipande, kati ya nguzo na mabati.

Tulipanda siku moja kabla ya harusi, mkoba wangu kwapani na wanawake wenzangu vyungu vyao kichwani. Nilimkuta mama amekaa kwenye kizingiti anachambua maharage, kuku na vifaranga wao wanazunguka miguuni pake. Nikampa shikamoo, akaniitikia bila kuinua macho, kwa sababu jiwe moja kwenye maharage linaweza kumwaibisha mtu mbele ya wageni. Nikakaa naye, nikachambua kidogo, kisha nikalisema kana kwamba ni jambo dogo.

"Mama, kesho mtoto akitoka, simama hapa mlangoni. Nataka kupiga picha."

"Nitakuwa ndani."

"Ni muda mfupi tu."

"Wewe ulipoolewa, uliniona mlangoni?"

Sikumwona. Niliteremka njia hiyo hiyo nikidhani ameshikwa na masufuria, na kwa miaka yote sikuwahi kuuliza.

"Aliyemlea hamtazami akienda," mama akasema. "Ukimtazama unamvuta. Atafika huko mwili tu, na moyo utabaki hapa unazunguka migombani. Unakaa ndani mpaka ije habari kwamba amefika. Hapo ndipo unauliza amekaaje, amevaaje."

"Mama, hii ni picha."

"Picha si kutazama?"

Nilibishana naye. Nilimwambia dunia imebadilika, nikamwambia mtoto ameomba kitu kimoja tu, nikamwambia droni nimeinunua kwa ajili ya hilo. Mama alichambua maharage yake. Alipomaliza alinyanyuka, akanipangusa makapi kwenye gauni, akasema nikale. Mimi nina hasira za karibu, na jioni ile nilikula nimenuna.

Asubuhi nilimwambia bibi harusi. Alikuwa amekaa chumbani, mikono imenyooshwa mbele ili hina isiharibike, hata machozi asingeweza kujifuta. Lakini hakulia. Alitazama ukuta ambao nyuma yake bibi yake alikuwa anakoroga chungu.

"Basi piga mlango," akasema. "Nitajua yupo ndani."

Nilitoka nikawaendea shangazi zangu nikiwa na jambo moja tu kichwani: angalau huo mlango niupate, na yeye njiani, katika picha moja, kabla ya upepo. Nikawaomba wawahi. Wakasema wanawahi. Nikaha ilikuwa imeshafungwa msikitini, wanaume wameshakula, bwana harusi ameshateremka na wenzake kusubiri kwenye magari, na wao bado walikuwa wanawahi. Mara hina haijashika vizuri, mara bibi harusi ale kwanza asije akazimia njiani, mara ukazuka ubishi kuhusu khanga zipi zimzunguke, kwa sababu moja ilikuwa na maneno ya mafumbo na shangazi mmoja aliona yanamlenga yeye. Nilizunguka uani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ilipofika alasiri, ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na majani ya migomba yakageuka upande wa nyuma.

Hapo ndipo wakatoka.

Kwetu bibi harusi haonekani njiani. Wanawake wanamzungushia khanga pande nne, wameziinua juu ya vichwa, na yeye anatembea katikati kama aliye kwenye chumba kinachotembea. Vijana wanatangulia na dufu, wanawake wengine wanafuata nyuma, vigelegele vinapokezana. Mimi nilikuwa nimeshawahi kwenye jiwe bapa chini ya bega la kilima. Nilisubiri chumba kile cha khanga kikate kona, kikapotea machoni pa nyumba, nikarusha.

Kwenye skrini vyote vilikuja. Juu paa la mama na ua uliofagiwa, mlango umeegeshwa, hakuna mtu. Chini njia, na mraba wa rangi unateremka pole pole katikati ya kijani. Vilikuwa pamoja, kama alivyotaka. Na nilipoutazama ule mlango mtupu nilijisikia vibaya sana, kwa sababu picha nzuri ilikuwa imekamilika na aliyetakiwa kuwa mlangoni hakuwamo.

Nilikuwa naweka sawa ili nibonyeze, upepo ukaja. Yule kijana hakusema uongo. Droni ilisukumwa kinyumenyume kupandisha mlima, rimoti ikaanza kulia, nami navuta upande huu na yenyewe inakwenda upande ule. Kwa kuwa mlima nao unapanda, kila iliposogea nyuma ilizidi kuwa chini, mpaka nikaona iko juu ya ua wa mama, karibu kabisa na paa, inayumba.

Kuku ndio waliotangulia kuiona. Jogoo alipiga ukelele, vifaranga wakasambaa uani, mitetea wakapanua mabawa. Na mlango ukafunguka.

Mama alitoka mbio na mwiko mkononi. Mama yangu, ambaye magoti yake hayajamruhusu kuteremka kijitoni miaka mingi, alitoka mbio. Akasimama katikati ya ua, mikono yote miwili juu, kichwa amekirudisha nyuma kabisa, anamtafuta mwewe. Sauti yake niliisikia mpaka kwenye jiwe, anamwambia aende zake, aende akale kwao.

Sikufikiri. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, nikabonyeza mpaka rimoti ikaniambia betri inakwisha. Kisha nikaipeleka popote ilipokubali kwenda. Ilitua kwenye matuta ya maharage ya jirani na kuvunja pangaboi lake moja. Chini njiani vigelegele vilikuwa bado vinapanda, wazi kabisa, na hakuna mwanamke aliyenyamaza.

Nilijifunika khanga kichwani nipate kivuli, nikazitazama. Nyingi zilikuwa zimeyumba. Moja ilikuwa imetulia. Mama yuko karibu, uso wote umeelekea juu, mdomo wazi kwa kufoka, mikono imepaa, na asiyejua angeapa anamuaga mtu. Mbali chini yake, baada ya bega la kilima, kile chumba cha khanga. Nilikikuza. Shangazi zangu walikuwa wamefunga pande zote nne barabara, ila juu hawakuwahi kuwa na sababu ya kufunga. Ndani yake bibi harusi alikuwa ameinua ushungi apate hewa, na aliposikia mvumo alitazama juu akicheka. Hawakuonana hata kidogo. Lakini wote wawili walikuwa wanatazama mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa mimi.

Nililia pale kwenye jiwe. Sioni haya kusema.

Niliporudi juu, mama alikuwa anahesabu vifaranga.

"Mwewe gani yule," akasema, "anakuja mpaka mlangoni halafu hachukui kitu."

"Nilikuwa mimi, mama. Ilikuwa droni."

Akaacha kuhesabu. Niliona hofu usoni kwake, hofu ya kweli, na kuridhika kwangu kote kukanitoka.

"Umenitoa nje," akasema. "Mtoto alikuwa bado yupo njiani."

"Alikuwa ameshapita kona."

"Nimemtazama?"

"Hukumtazama. Ulitazama juu."

"Nilitazama juu," akasema, polepole, kama anayejikumbusha alikoweka ufunguo. "Nilikuwa natafuta mwewe."

"Picha ipo, mama. Nikuonyeshe uone mwenyewe macho yako yalikuwa wapi."

"Usinionyeshe." Akageuza uso. "Yumo na yeye humo?"

"Yumo."

"Basi usinionyeshe."

Niliwaacha wenzangu wateremke, nikabaki kwake. Usiku ule bibi harusi alilala kwangu Mafiga, na alfajiri yeye na mumewe wakapanda basi la Tabora. Mchana kutwa mama hakulitaja jina lake. Alipalilia, akapika, akanituma kuni, akanilaumu jinsi ninavyozipanga. Simu yangu aliipita kwa mbali kila ilipokuwa mezani, kama mtu anayepita karibu na mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mimi nami nilikuwa na wasiwasi wangu. Niliwaza kwamba basi likipata shida, au yule mtoto akianza kuumwa na upweke huko ugenini, mama atajua ni nani wa kulaumu, na hatasema.

Jioni simu ikaita. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto, akaacha kupuliza. Nilisikiliza, nikasema alhamdulillahi, nikasema nitamfikishia. Nilipokata alikuwa ameshasimama mlangoni pa jiko, anafuta mikono.

"Amefika?"

"Amefika, mama. Wamempokea, ameshakula, amekaa na wakwe zake. Anasema hajaumwa hata kichwa. Anakusalimia."

Mama alikwenda akakaa kwenye mkeka, akanyoosha magoti yake moja moja. Akaweka ushungi wake sawa, kama anayetarajia mgeni.

"Lete sasa nimtazame," akasema.

Nikamkuzia uso wa mtoto mpaka ukajaa kioo, nikaiweka simu kwenye viganja vyake, nikatoka nje niwaache.